Ditelingi ya rangi ni nini, na gari lililotoka bandarini linaihitaji lini?

Ditelingi ya rangi ni kazi ya kusafisha, kurekebisha na kukinga uso wa rangi ya gari bila kupuliza rangi mpya. Haifanani na kazi ya fundi rangi, ambaye hupiga msasa, hujaza puti na kupaka upya, wala haifanani na kazi ya mwosha magari, ambaye huondoa vumbi na tope na kuishia hapo. Tatizo ni kwamba chini ya jina hilo moja mna kazi tatu ambazo gharama, faida na hatari zake hazilingani hata kidogo, na mteja akitajiwa bei moja ya jumla ana haki ya kuuliza analipia ipi kati ya hizo.

Ili kuona kwa nini swali hilo lina uzito, ni lazima kwanza kujua rangi ya gari ilivyopangwa. Juu ya bati kuna tabaka la kuzuia kutu, ambalo kiwandani hushikishwa kwa umeme bodi ikiwa imezamishwa ndani ya dawa. Juu yake kuna praima, yaani rangi ya kutangulizia, kisha rangi yenyewe, na mwisho klia, yaani tabaka angavu linaloipa rangi mng'ao na lenye kemikali za kupunguza makali ya mionzi ya jua. Tabaka zote kwa pamoja huwa na unene wa mikroni (sehemu za elfu za milimita) 100 hadi 180 kwa magari mengi, na klia peke yake huwa kama mikroni 40 hadi 50, ilhali unywele wa binadamu una takriban mikroni 70. Mashine ya polishi inapoondoa mkwaruzo haijazi kitu popote. Inachofanya ni kuila klia iliyo pande zote za mkwaruzo mpaka ishuke ilingane na kina chake. Klia iliyoliwa hairudi, na ikishapungua sana jua huifikia rangi iliyo chini, na dawa pekee inayobaki ni kupaka upya.

Kwa wanunuzi wengi wa Dar es Salaam na Mombasa, gari jipya ni gari lililokwisha kutumika Japani. Kenya huweka kikomo cha miaka 8 kwa magari yaliyotumika yanayoingizwa nchini, na Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa magari yaliyozeeka, kwa hiyo rangi nyingi zinazoshushwa bandarini zimeshapita misimu kadhaa ya jua, mvua na theluji kabla ya kufika kwetu. Gari hilo hukaa wiki kadhaa melini, na kabla na baada ya safari huegeshwa katika maeneo ya wazi yenye upepo wa chumvi na chembe za chuma zinazopeperuka kutoka kwenye breki na mitambo. Hata hivyo, kwa maoni yangu madhara makubwa zaidi huanza likishafika kwenye yadi ya muuzaji, ambako kila asubuhi mtu hupita na kitambaa kikavu akifuta vumbi ili magari yavutie wateja. Vumbi hilo ni mchanga, na kulifuta likiwa kavu ni sawa na kupiga msasa mwembamba kila siku.

Ushahidi wa kwanza wa hali ya rangi uko kwenye karatasi ya mnada, yaani ripoti ya ukaguzi wa gari inayotolewa linapouzwa mnadani Japani, na inasikitisha kwamba wanunuzi wengi huiangalia kwa sababu ya kilomita tu. Kwenye karatasi hiyo kuna mchoro wa gari uliowekewa herufi na namba: A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, W ni alama ya sehemu iliyorekebishwa, S ni kutu, na XX ni paneli iliyobadilishwa; namba inayofuata herufi huonyesha ukubwa wa kasoro, 1 ikiwa ndogo. Fenda iliyoandikwa W2 kwa kawaida imeshapulizwa rangi gereji. Kiwandani rangi huokwa kwenye joto la nyuzi 140 hivi za Selsiasi, jambo lisilowezekana gereji kwa kuwa gari tayari lina plastiki, mpira na nyaya, kwa hiyo klia ya fenda hiyo inaweza kuwa laini au nene tofauti na ya mlango ulio karibu nayo. Kipima unene wa rangi kikionyesha mikroni 300 mahali hapo, asije mtu akadhani klia ni nyingi na inaweza kuvumilia mashine; mara nyingi kilicho nene ni rangi ya zamani iliyoachwa chini, au puti.

Baada ya karatasi, jichunguzie mwenyewe. Osha gari vizuri, likaushe, kisha vaa mkononi nailoni nyembamba kama ile ya kufungia mkate na upitishe vidole polepole juu ya boneti. Ukihisi vichembechembe, uchafu umenasa kwenye klia na maji na sabuni haviwezi kuuondoa. Halafu sogeza gari kivulini na umulike paneli kwa tochi ya simu: mikwaruzo midogo itaonekana ikizunguka mwanga kama utando wa buibui. Mkwaruzo wowote unaokwamisha ukucha umekwenda chini mno, na fundi mwaminifu hatakuahidi kuufuta. Ukiona kwenye paa au boneti klia imegeuka nyeupe na inabanduka vipande vipande, usilipie ditelingi ya sehemu hiyo kabisa, kwa sababu hapo hakuna tena kitu cha kung'arishwa. Zaidi ya hayo, yadi nyingi hupaka mafuta ya kung'aza yanayojaza mikwaruzo kwa muda, kwa hiyo futa sehemu ndogo kwa spiriti iliyochanganywa na maji na uitazame tena kabla hujaamini macho yako.

Sasa tunaweza kurudi kwenye zile kazi tatu. Ya kwanza ni kusafisha kwa kina: dawa ya chembe za chuma hupuliziwa, ikakutana na chuma na kugeuka zambarau, kisha mabaki hutolewa kwa udongo maalumu unaoteleza juu ya rangi iliyolowanishwa kwa majimaji yake. Kazi hii haili klia kwa kiasi cha kutia hofu, na ningemshauri kila anayepokea gari kutoka bandarini aifanye, hasa akiishi ukanda wa pwani. Ya pili ni kukinga. Nta ya kanauba, inayotokana na majani ya mti wa jamii ya minazi wa Brazili, hupendeza sana lakini chini ya jua letu hudumu wiki chache. Seramiki, ambayo hutengenezwa kwa kemikali za silika na kushikana na klia, inaweza kudumu mwaka au zaidi ikitunzwa. Ya tatu ni kurekebisha kwa mashine, na hii ndiyo inayostahili kufikiriwa kwa utulivu. Gari jeupe au la fedha lenye mikwaruzo midogo isiyoonekana mpaka utafute kwa tochi halina haja nayo. Gari jeusi ambalo mng'ao wake umefifia kwa mikwaruzo linaweza kuihitaji, lakini mara moja, kwa polishi laini, na baada ya unene kupimwa paneli kwa paneli.

Kuhusu seramiki, husemwa mengi yasiyo ya kweli. Haizuii mawe; anayesafiri barabara za changarawe na kuogopa boneti kuchubuka anahitaji filamu ya kukinga rangi, yaani plastiki angavu inayobandikwa juu ya rangi, ambayo ina unene wa mikroni 150 hadi 200, ilhali seramiki yenyewe ni nyembamba mno kupambana na kokoto. Haiondoi haja ya kuosha, na kinyesi cha ndege kikiachwa juani kinaweza kuiacha na alama. Faida yake halisi ni kwamba uchafu haushikani sana, hivyo gari huoshwa kwa kusugua kidogo. Tena seramiki hufungia chini yake chochote ilichokikuta, kwa hiyo kuipaka juu ya rangi ambayo haikusafishwa ni kulipia uchafu uhifadhiwe.

Gari lililotoka kiwandani moja kwa moja halihitaji marekebisho, ila kuondolewa gundi za vifungashio na kukingwa mapema. Gari lililopulizwa rangi karibuni lisubiri mwezi mmoja au zaidi, kwa kadiri mtengenezaji wa rangi anavyoelekeza, ili vimumunyisho, yaani kemikali zilizoyeyushia rangi, viishe kutoka kabla ya kufunikwa kwa nta au seramiki.

Ukiamua kuipeleka kazi kwa fundi, mtazame anavyoanza. Anayeijua kazi yake hufanyia kivulini bati likiwa limepoa, hubandika utepe kwenye kingo na mikunjo ya bodi kwa sababu huko ndiko klia ilikokonda na ndiko mashine inakounguza, na hujaribu sehemu ndogo kwa pedi laini na polishi nyepesi kabla ya kushika iliyo kali. Mwambie tangu mwanzo kwamba kabla ya kukinga utataka kuona paneli mbili au tatu zikifutwa kwa spiriti, na umalize malipo baada ya kuziona. Kwa kuosha, tenga ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia, pamoja na kitambaa cha maikrofaiba kisichotumika kwenye matairi, na umwagie gari maji mengi kabla kitambaa chochote hakijaligusa.