Nasaba za Wafalme wa Ureno: Dhana Zilizozoeleka na Ukweli Wake

Pale Malindi, juu ya mwamba unaoingia baharini, umesimama msalaba wa jiwe ulioletwa kutoka Ureno, na juu yake imechongwa ngao ya wafalme wa nchi hiyo. Wanafunzi wanaopelekwa kuuona hutajiwa jina la Vasco da Gama, lakini ni nadra kutajiwa jina la mfalme mwenye ngao, licha ya kwamba nahodha yule alikuwa mtumishi tu. Tumezoea kusema “Wareno” kana kwamba kuanzia 1498 mpaka walipoondoka Mombasa kwa mara ya mwisho mwaka 1729 walitumwa na ukoo mmoja usiobadilika. Hata neno Mreno lenyewe huhusishwa na neno lao reino, lenye maana ya ufalme, ila ufalme huo tunaujua juujuu. Katika muda huo pwani yetu ilikabiliana na nasaba tatu: Avis, Habsburg na Braganza. Kabla yao palikuwa na ya kwanza, iitwayo Burgundy, na habari zinazosimuliwa kuhusu nasaba hizi nne zimechanganyika na mengi yasiyo ya kweli.

Dhana: Nasaba nne zilikuwa koo nne tofauti, kila moja ikiing’oa iliyotangulia

Orodha za wafalme vitabuni ndizo zinazotupotosha. Zinapanga Burgundy, kisha Avis, kisha Habsburg, kisha Braganza, na msomaji hubaki na picha ya wageni wanne waliopokezana nyumba isiyo yao. Ukweli ni kwamba jina la nasaba lilibadilika kila mti wa ukoo ulipokatika tawi kuu na tawi la pembeni likashika nafasi yake, huku shina likibaki lilelile.

Shina hilo lilianza na Henri wa Burgundy, mpiganaji wa Kifaransa wa ukoo wa wafalme wa Ufaransa, aliyekuja kumsaidia Mfalme Alfonso wa 6 wa León na Castile, falme jirani zilizo ndani ya Uhispania ya leo, katika vita, akapewa binti wa mfalme huyo aliyezaliwa nje ya ndoa, Teresa, pamoja na jimbo la Portucale, lililokuja kuwa Ureno. Mtoto wao, Afonso Henriques, alilishinda jeshi la mama yake mzazi katika vita vya São Mamede mwaka 1128, akaanza kujiita mfalme baada ya ushindi wa Ourique mwaka 1139, akatambuliwa na Castile huko Zamora mwaka 1143, na hatimaye akakubaliwa na Papa kwa hati ya mwaka 1179. Kwa hiyo hata swali la lini Ureno ilipata kuwa ufalme halina jibu la siku moja, kwa kuwa kulikuwa na miaka 40 kati ya mtu kujiita mfalme na Papa kumwita hivyo.

Nasaba ya Avis ilianzishwa na mwana wa mfalme wa Burgundy. Nasaba ya Braganza ilitokana na mwana wa mfalme wa kwanza wa Avis. Wote wawili walizaliwa nje ya ndoa, na wote wawili wanarudi kwa Afonso Henriques upande wa baba. Nasaba ya Habsburg pekee ndiyo iliyotoka nje kwa upande wa baba, na hata hao waliingia kwa mlango wa mama.

Dhana: Inês de Castro alitawazwa akiwa maiti, na watoto wake ndio waliorithi ufalme

Hakuna kisa cha Ureno kilichosafiri mbali kuliko hiki. Mwanamfalme Pedro alimpenda Inês, binti wa ukoo wa Galicia aliyekuja katika msafara wa mke wake. Baba yake Pedro, Mfalme Afonso wa 4, aliiogopa nguvu ya kaka zake Inês, na tarehe 7 Januari 1355 mama huyo aliuawa Coimbra. Pedro alipokuwa mfalme aliwasaka wauaji, na mwaka 1360 akatangaza kwa kiapo kwamba alikuwa amemwoa Inês kwa siri. Hadi hapo tuko kwenye historia. Kinachoongezwa ni kwamba aliufukua mwili, akauketisha kwenye kiti cha enzi na kuwalazimisha mabwana wakubwa waubusu mkono. Habari hiyo haimo katika maandishi ya wakati ule, nayo ilichipuka na kukuzwa na watunzi wa vizazi vya baadaye. Alichofanya Pedro ni kuuhamishia mwili Alcobaça kwa maziko ya kifalme, katika kaburi la jiwe lililochongwa kwa ustadi mkubwa, na kujiandalia lake karibu. Leo makaburi hayo mawili yameelekezana nyayo kwa nyayo.

Kosa kubwa zaidi ni lile la urithi, nalo linanigusa kwa sababu linafunika tukio zito kuliko kisa chenyewe cha mapenzi. Mfalme Fernando, mwana halali wa Pedro, alifariki Oktoba 1383 akiwa na binti mmoja tu, Beatriz, ambaye tayari alikuwa ameolewa na mfalme wa Castile. Watu wengi wa Lisbon hawakutaka kutawaliwa na Castile. Walibaki wana wa Pedro: João na Dinis, waliozaliwa na Inês, na João mwingine, mkuu wa Shirika la Avis, chama cha kidini cha wapiganaji, aliyezaliwa na mwanamke aitwaye Teresa Lourenço. Kutokana na kiapo cha baba yao, wana wa Inês walikuwa na dai lenye nguvu zaidi.

Mwaka 1385 Cortes, yaani baraza la wawakilishi wa kanisa, mabwana wakubwa na miji, lilikutana Coimbra. Mwanasheria João das Regras alisimama akachambua dai baada ya dai. Dhidi ya Beatriz aliweka pingamizi la ndoa ya wazazi wa binti huyo, kwa kuwa mama yake alikuwa mke wa mtu mwingine. Kwa wana wa Inês alisema ndoa ya siri, hata kama ilifungwa, haikuwa halali, kwani wawili wale walikuwa ndugu wa karibu mno wasio na ruhusa ya Papa. Mwisho wa hoja zake hakubaki mrithi halali hata mmoja, na pale ambapo hakuna mrithi, wananchi wana haki ya kuchagua. Aliyechaguliwa, mkuu wa Avis, naye hakuzaliwa katika ndoa, na kila aliyekuwa barazani alilijua hilo. Alipewa taji kwa kura ya baraza mwezi Aprili, na mwezi Agosti akalitetea kwa upanga huko Aljubarrota.

Dhana: Wakati wa safari za baharini, taji lilipita kwa utulivu kutoka kwa baba kwenda kwa mwana

Turudi kwenye msalaba wa Malindi. Mfalme aliyemtuma Vasco da Gama ni Manuel wa 1, na mtu huyu hakuzaliwa awe mfalme. Aliyemtangulia, João wa 2, alikuwa binamu yake na pia mume wa dada yake. Mwaka 1484 João alimuua kwa mkono wake mwenyewe Diogo, kaka yake Manuel, kwa kosa la kula njama. João alikuwa na mwana mmoja tu halali, Afonso, aliyeozwa binti wa wafalme wa Uhispania mwaka 1490. Mwezi Julai mwaka uliofuata, karibu na Santarém kando ya mto Tagus, kijana huyo alianguka kutoka juu ya farasi akafa, akiwa na umri wa miaka 16. Mfalme alitaka kumrithisha Jorge, mwana wake wa nje ya ndoa. Malkia alikataa katakata. Manuel akarithi mwaka 1495, kisha akamwoa mjane wa Afonso.

Meli za Vasco da Gama zilitia nanga Malindi Aprili 1498, na mwaka 1505 Francisco de Almeida aliishambulia Kilwa kisha akaichoma Mombasa, kwa amri ya mtu ambaye, kama si farasi kujikwaa, angebaki bwana wa pembeni asiyetajwa na yeyote huku kwetu.

Dhana: Nasaba ya Avis ilikwisha vitani Moroko mwaka 1578, na Ureno ikawa jimbo la Uhispania

Mfalme Sebastião aliuawa tarehe 4 Agosti 1578 huko Alcácer Quibir, akiwa na miaka 24, bila mke wala mtoto. Nasaba haikufa naye. Alirithiwa na Henrique, ndugu wa babu yake, kadinali mzee wa miaka 66 ambaye viapo vya upadri vilimzuia kuoa, na aliyetawala hadi kufa kwake Januari 1580. Wapo pia wanaoamini kwamba mwili wa Sebastião haukupatikana kamwe. Mwili uliotambuliwa kuwa wake ulikabidhiwa Ceuta mwaka huohuo wa 1578, na mwaka 1582 ukazikwa Belém, ila maandishi ya kaburini yanaweka tahadhari kwa Kilatini, si vera est fama, yaani ikiwa habari zilizoenea ni za kweli. Katika nafasi hiyo ya shaka walijitokeza watu kadhaa waliodai kuwa ndiye, na baadhi yao walinyongwa.

Waliogombea urithi mwaka 1580 walikuwa binamu watatu, wote wajukuu wa Manuel yuleyule: Felipe wa 2 wa Uhispania kwa mama yake Isabel, Catarina wa Braganza kwa baba yake Duarte, na António kwa baba yake Luís, ingawa huyu alizaliwa nje ya ndoa. Felipe alikuwa na jeshi, na jeshi hilo lilishinda nje ya Lisbon mwezi Agosti. Hata hivyo mwaka uliofuata, mbele ya Cortes ya Tomar, aliapa kuilindia Ureno sheria zake, lugha yake, sarafu yake, na vyeo vyake kushikwa na Wareno wenyewe. Ulikuwa muungano wa mataji mawili juu ya kichwa kimoja. Ndiyo maana mfalme huyohuyo anaitwa Felipe wa 2 kule Madrid na Filipe wa 1 huku Lisbon.

Mtu wa Mombasa ana ushahidi wa jambo hili mlangoni pake. Fort Jesus ilianza kujengwa mwaka 1593, chini ya Felipe, kwa ramani ya Mwitalia Giovanni Battista Cairati. Lakini amri zilipitia Goa, makao ya utawala wa Wareno huko India, na makapteni walikuwa Wareno. Yusuf bin Hasan, sultani wa Mombasa, alipoasi na kuiteka ngome mwaka 1631, aliyeuawa ni kapteni Mreno, wakati mfalme aliyeasiwa alikuwa mjukuu wa Felipe, aliyekaa Madrid. Juu ya lango la ngome bado lipo bamba la jiwe la mwaka 1639 ambamo kapteni Francisco de Seixas de Cabreira anajisifu kwa kuitiisha miji ya pwani katika kumtumikia Mfalme wake. Mwaka mmoja tu baadaye, tarehe 1 Desemba 1640, watu wa Lisbon walimtupa dirishani mwakilishi wa utawala wa Madrid, Miguel de Vasconcelos, na kumtangaza João wa 4 wa Braganza, mjukuu wa yule Catarina aliyeshindwa. Waomani walipoitwaa ngome hiyo Desemba 1698, mfalme wa Lisbon alikuwa Pedro wa 2, mwana wa huyo João.

Dhana: Sheria ya kale ya Lamego ilipanga urithi tangu mwanzo

Kwa karne mbili ilidaiwa kwamba Afonso Henriques aliitisha baraza Lamego na kuweka sheria kwamba binti anaweza kurithi, lakini akiolewa na mgeni anapoteza taji. Maandishi hayo yalichapishwa mara ya kwanza mwaka 1632, katikati ya utawala wa akina Habsburg, na wanahistoria wameyathibitisha kuwa ya kughushi. Yaliaminiwa kwa kuwa yalimfaa kila aliyetaka kumwondoa mfalme mgeni.

Uongo huo ulipata nguvu ya sheria halisi. Maria wa 1, malkia wa kwanza kutawala kwa haki yake mwenyewe kuanzia 1777, alikuwa ameozwa baba yake mdogo, Pedro, na taji likabaki mikononi mwa Braganza. Maria wa 2, aliyezaliwa Rio de Janeiro, hakufuata njia hiyo. Mwaka 1836 aliolewa na Ferdinand wa Saxe-Coburg, Mjerumani. Kwa hesabu ya upande wa baba, wafalme wanne wa mwisho wa Ureno walikuwa wa Coburg, ingawa hawakuacha kujiita Braganza.

Wafalme hao, kama wote waliomfuata João wa 4, hawakuvikwa taji kichwani. Mwaka 1646 João alilikabidhi taji kwa Bikira Maria wa Vila Viçosa, na tangu hapo mfalme alitangazwa kwa sauti ya watu, huku taji likiwekwa pembeni yake.

Dhana: Ufalme uliangushwa siku mfalme alipopigwa risasi

Carlos wa 1 na mrithi wake Luís Filipe waliuawa ndani ya gari la farasi, katika uwanja wa Terreiro do Paço jijini Lisbon, tarehe 1 Februari 1908. Katika gari hilohilo alikuwemo mwana mdogo, Manuel, aliyejeruhiwa mkono. Akiwa na miaka 18 alipewa ufalme ambao hakuandaliwa kuushika, akautawala hadi mapinduzi ya tarehe 5 Oktoba 1910, alipopanda merikebu ufukweni Ericeira pamoja na mama yake na nyanya yake. Aliishi Twickenham, Uingereza, akikusanya vitabu vya kale vya Kireno, na huko ndiko alikofia Julai 1932 bila kuacha mtoto. Serikali ya jamhuri iliyomrithi ilimpa maziko ya heshima, na mwili wake ukarudishwa Lisbon, ukalazwa São Vicente de Fora, katika chumba cha makaburi ya akina Braganza, pamoja na baba yake na kaka yake.