Kutoa kitu kilichokwama kooni maana yake ni nini?

Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, mwiba wa tilapia ukimkwama mtu, kabla hajamaliza kukohoa ameshapewa tonge la bugali. "Meza bila kutafuna, utashuka nalo." Nimemezeshwa tonge hilo utotoni, na nimewamezesha wadogo zangu. Najuta, maana tonge halioni linakopita. Pengine litaubeba mwiba kweli. Pengine litauzamisha nyamani, au kuusukuma hadi kwenye umio, yaani njia ya chakula, ambako koleo la kawaida halifiki.

Hospitalini, kutoa kitu kilichokwama ni kukitafuta kwa macho, kukishika na kukirudisha kilikotoka. Waganga wa kwetu, yaani madaktari, waliosomea kwa Kifaransa, hukiita corps étranger, yaani mwili mgeni.

Mara nyingi mwiba hauko mbali: umechoma kwenye findo au kwenye shina la ulimi. Mgonjwa huketi wima, kinywa wazi, taa ikimulika ndani. Ulimi unakandamizwa kwa kijiti bapa, na munganga anausaka mwiba, mweupe, mwembamba kama uzi. Mate nayo hung'aa vilevile chini ya taa, ndiyo maana kazi hii haitaki haraka. Akiuona, anaubana kwa koleo refu na kuuvuta taratibu. Asipouona, hutia dawa ya ganzi na kutazama chini zaidi kwa kioo kidogo, au kwa endoskopi, mpira mwembamba wenye taa na kamera. Usitulie kwa sababu tu picha ya radiografia haikuonyesha kitu. Miiba mingi ya samaki haionekani humo.

Sarafu, kama zile za Rwanda watoto wanazochezea huku mpakani, huonekana vizuri. Ila betri ndogo ya duara, ya saa au ya kidude cha kuchezea, ni hatari kubwa. Ikikwama kwenye umio inaweza kuunguza nyama ndani ya saa 2. Mtoto apelekwe hospitali mara moja, hata kama halii.

Haya yote ni ya mtu anayepumua na kusema. Asiyeweza kusema wala kukohoa amezibwa njia ya hewa, na huyo hangoji munganga: mwinamishe, mpige mgongoni kati ya mabega mara 5 kwa kiganja, kitu kisipotoka, simama nyuma yake, umminye juu ya kitovu kwa nguvu mara 5, ukivutia ndani na juu, kisha urudie. Mtoto wa chini ya mwaka 1 haminywi tumbo, hubonyezwa kifua. Usiingize kidole kooni usikokuona.

Mwiba ukishatoka, mkwaruzo huendelea kuuma, na mgonjwa huapa kwamba bado umo. Omba uonyeshwe mwiba wenyewe. Ila homa ikipanda, shingo ikivimba, au mate yakawa hayamezeki, rudi siku hiyo hiyo.