Tenchi hasubiri Juni

Wavuvi wengi wa ndoana nchini Uingereza wanaamini kwamba tenchi, yule samaki wa kijani mwenye ute mwingi na jicho dogo jekundu, hulala topeni hadi Juni, hivyo kumtafuta majira ya kuchipua ni kupoteza muda.

Imani hiyo ina chanzo kinachoeleweka. Zamani sheria ilizuia uvuvi huo kuanzia Machi 15 hadi Juni 15, na alfajiri ya Juni 16 ikazoeleka kuwa ndiyo siku ya tenchi. Mwaka 1995 zuio liliondolewa kwenye maziwa mengi ya England na Wales, ingawa mitoni limebaki.

Samaki mwenyewe hufuata joto la maji. Wakati wa baridi kali hutulia na kula kidogo sana. Maji yakianza kupata joto, mara nyingi Aprili, hurudi kula, wiki kadhaa kabla ya kutaga.

Hili unaweza kulipima mwenyewe. Funga kipimajoto kwenye mshipi pamoja na chubwi, kishushe karibu na chini, kiache dakika chache, kisha kipandishe haraka usome. Rudia saa ileile kwa siku kadhaa, maana jua la mchana mmoja hudanganya. Alfajiri, tazama kando ya magugu: viputo vidogo vinavyosogea huashiria samaki anayechokora tope, japo huenda ni samaki mwingine aitwaye kapu (carp). Vikubwa vinavyotoka mahali pamoja, aghalabu ni gesi tu.

Soma pia kanuni za ziwa lenyewe, kwani baadhi ya wamiliki bado hufunga kwa msimu.