Baba yupo mjini, uso wake haupo nyumbani

Kila tunapoanza darasa jipya la kipaimara huwa nawauliza watoto: nyumbani, anayewafundisha kusali ni nani? Mama. Bibi. Dada wa kazi. Baba hutajwa kwa nadra, na nikimfuata mwenyewe, jibu nalijua kabla hajafungua mdomo: "Mchungaji, mimi natafuta."

Simbezi. Mtu anaamka saa kumi alfajiri Chanika au Mbagala, pembezoni mwa Dar es Salaam, anagombania daladala, anashinda Kariakoo juani, anarudi watoto wamelala. Kodi yake, ada yake, umeme wa Luku ukikata anapigiwa yeye. Tena Paulo ni mkali hapa: asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani (1 Timotheo 5:8). Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo inamdai mzazi chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu, hata nafasi ya mtoto kucheza. Kutafuta ni sehemu ya wito. Shida huanza baba anapoamini kwamba akishaleta unga, mambo ya imani ni ya mama na kanisa.

Sisi Walutheri ndiyo kabisa hatuna pa kujificha. Martin Luther alitoa Katekisimu Ndogo, kijitabu cha mafundisho ya msingi ya imani, mwaka 1529, baada ya kukagua sharika za Saksonia, Ujerumani, na kukuta watu hawajui hata Sala ya Bwana. Juu ya Amri Kumi, Kanuni ya Imani na Sala ya Bwana aliandika kwamba hivi ndivyo mkuu wa nyumba awafundishe watu wake. Mkuu wa nyumba, si mwinjilisti.

Katika semina za akina baba mimi huanza na mfalme Daudi, sio Ibrahimu. Aliposikia kwamba mwanawe Amnoni amembaka Tamari, dada yake wa baba mmoja, alighadhibika sana, basi. Hakumwita mtu, hakuadhibu, hakumfariji binti. Absalomu, kaka yake Tamari, akajichukulia sheria mkononi, akamuua Amnoni, akakimbilia Geshuri miaka 3. Aliporudishwa akakaa Yerusalemu miaka 2 bila kuuona uso wa mfalme (2 Samweli 14:28). Mji mmoja huo! Alifika mahali pa kulichomesha moto shamba la shayiri la Yoabu, jemadari wa Daudi, ili tu apate wa kumfikisha kwa baba yake. Wetu hawana mashamba ya kuchoma, wana kubeti na vijiwe. Mkristo akiniambia mwanawe "amebadilika ghafla", namuuliza kwanza moshi ulianza lini.

Wanaume wengi wakisikia "ibada ya nyumbani" wanawaza saa nzima, mapambio na mahubiri, wanakata tamaa. Kumbukumbu la Torati 6:7 haidai hivyo. Inataja uketipo, utembeapo njiani, ulalapo, uondokapo. Hata mtu wa foleni hakosi kimoja kati ya hivyo vinne. Namjua fundi mmoja wa mtaa wa Gerezani aliyechagua njia: Jumapili jioni huwapeleka mwenyewe wanawe kwa kinyozi, kwa miguu, simu ameiacha nyumbani. Huko njiani mdogo akamuuliza kama Mungu naye hulala. Fundi akasema hajui, waje waniulize. Wakaja wote watatu, vichwa vinang'aa, tukafungua Zaburi 121 pale pale uani. Angejifanya anajua, ile Zaburi isingefunguliwa.

Halafu kuna ukali. "Nanyi, akina baba, msiwachokoze watoto wenu." Hilo liliandikwa katika dola ya Kirumi, ambako sheria ilimpa baba mamlaka makubwa mno juu ya watoto wake, na Paulo anamwekea mpaka. Uchokozi ninaousikia zaidi mjini hapa si wa fimbo. Ni ule wa kumhesabia mtoto ada kila akikosea: "Unajua nakulipia shilingi ngapi?" Mtoto hakuomba kuzaliwa, wala hakuichagua ile shule ya Kiingereza. Akisikia hesabu hiyo kila wiki, atajiona mkopo usiolipika, na ndivyo atakavyomwona Mungu anayeitwa Baba.

Na kama kijana ameshafika kidato cha nne na hujawahi kusali naye, usianze na hotuba. Anza na sala ya chakula, fupi, ugali ukiwa bado wa moto. Atakutazama kwa mshangao. Mwache ashangae, na kesho yake usali tena.