Namwachia Kiti Chenye Mguu Mfupi

"Mimi, nikiwa na akili timamu kadiri hesabu ilivyonibakizia, namwachia atakayekuja baada yangu kiti cha nyuma karibu na dirisha, pamoja na mguu wake mmoja mfupi na ile karatasi iliyokunjwa mara nne inayouzuia usiyumbe."

Mstari huo niliukuta katikati ya rundo la kurasa, umebanwa baina ya wosia wa mtu aliyeliachia darasa zima "upendo" na wa mwingine aliyewaachia walimu "shukrani zisizo na kifani". Kazi yangu ni kuhariri vijarida vya kuagana, vile vinavyoandaliwa na darasa la mwisho la sekondari kabla halijatawanyika: picha, salamu, wosia wa mzaha, na utabiri wa nani atakuja kuwa nani. Nimeifanya muda mrefu kiasi kwamba nikiona "kumbukumbu" inafuatwa na "zisizofutika", mkono unaiendea kalamu nyekundu wenyewe. Wosia wa kiti sikuugusa hata nukta.

Mwalimu mlezi mmoja aliniuliza kwa nini nimeuacha mzima ilhali wa jirani yake nimeukatakata. Nilimjibu kwa haraka, na jibu lilikuwa bovu. Nalirudia hapa kwa utulivu.

Tuanze na asili ya mchezo wenyewe. Shule za Marekani ndizo zilizoushonea sare. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa kawaida huko kwa kitabu cha mwaka cha shule ya sekondari kubeba historia ya darasa, shairi la darasa, wosia wa darasa na utabiri wa darasa. Lakini wanafunzi walishauchekea wosia wa uongo zamani sana kabla ya Marekani. Kuna maandishi mafupi ya Kilatini, ya karne ya 4 hivi, yanayoitwa Testamentum Porcelli, yaani wosia wa mtoto wa nguruwe. Mtakatifu Yeronimo aliyataja kwa kunung'unika: watoto, alisema, wanayaimba shuleni huku wakiangua vicheko.

Mwenye wosia anaitwa Grunnius Corocotta, na hilo jina la kwanza limetokana na mlio wa nguruwe. Mpishi yuko tayari kumchinja. Yeye anaomba muda kidogo agawe mali. Washona viatu anawaachia manyoya yake magumu. Viziwi anawaachia masikio. Mawakili na watu wa maneno mengi anawaachia ulimi. Wavulana wanapata kibofu, wakimbiaji na wawindaji vifundo vya miguu. Mwishoni mashahidi 7 wanatia sahihi, na kadhaa kati yao wana majina yaliyofinyangwa kutokana na mapishi ya nyama ya nguruwe. Yaani mashahidi wa marehemu ni kitoweo.

Hebu tazama mgao huo kama fundi anavyotazama saa. Kiziwi amepewa anachokikosa. Wakili amepewa alichonacho tele. Hizo ni njia mbili tofauti za kuchekesha, na zote zinamtaka mwandishi awe amemwangalia mrithi kabla ya kumwangalia marehemu. Njia ya tatu tunaipata kwa François Villon, msomi wa Chuo Kikuu cha Paris, aliyetunga wosia wake wa kishairi wa kwanza mwaka 1456 akiwa na umri wa miaka 25 hivi. Villon alimwachia kinyozi wake vipande vya nywele alivyokwisha kumnyoa. Fundi viatu alimwachia viatu vikuukuu. Hapo mrithi anapewa kile ambacho kingemwangukia miguuni hata bila wosia. (Villon alikuwa na sababu zake za kuaga. Krismasi ya mwaka huohuo alishiriki kuiba katika Chuo cha Navarre. Si kila anayeondoka huondoka kwa sababu amehitimu.)

Wanafunzi wanaoniletea kazi zao hawamjui nguruwe wala Villon, na hawana haja. Tatizo lao ni jingine: wanadhani mzaha ni sauti ya kucheka, basi wanacheka wenyewe ndani ya sentensi. Wanaweka "hahaha", wanaweka alama tatu za mshangao, wanaweka vikatuni vya uso unaotoa machozi. Vyote nafuta. Wosia ni hati ya kisheria. Uso wake haukunjuki. "Nikiwa na akili timamu, bila kushurutishwa na mtu yeyote, mbele ya mashahidi waliotajwa hapa chini": lugha hiyo inapokabidhi njia ya mkato ya kupitia nyuma ya maktaba, kicheko kinatoka kwa msomaji. Mwandishi akishacheka, msomaji hana la kufanya ila kumtazama.

La pili ni ujumla. Kijana mmoja aliniandikia: "Ninawaachia wadogo zangu uvivu wangu." Nikamwita. Nikamuuliza alikuwa mvivu vipi, kwa sababu wavivu hawafanani. Alifikiri, akakuna kisogo, kisha akasema kwa aibu kidogo kwamba alikuwa akinyoosha mkono pale tu mwalimu anapokuwa ameshamchagua mwingine. Ili aonekane alikuwa anajua. Nikamwambia aandike hivyohivyo. Mstari uliochapwa ukawa: "Namwachia yeyote mwenye shida mkono wangu wa kulia, ambao kwa miaka minne ulinyooka pale tu mwalimu alipokwisha kumchagua mwingine." Mwalimu wake wa historia alisoma, akakaa kimya kidogo, kisha akasema: "Kumbe!"

Hiyo "kumbe" ndiyo ninayoitafuta. Mwenye kiti cha mguu mfupi aliipata bila kusaidiwa. Karatasi iliyokunjwa mara nne haiwezi kutungwa na mtu ambaye hakukalia kile kiti.

Utabiri ni mgumu zaidi, na hapa ndipo madarasa mengi hukwama. Kamati hukaa, hugawana majina, na baada ya saa mbili darasa lina marais wanne, mabilionea tisa na daktari mmoja wa kuwatibu wote. Hakuna anayecheka kwa sababu hakuna anayejiona. Rais angeweza kuwa yeyote.

Kosa ni kuamini kwamba utabiri unahusu kesho. Hauhusu kesho hata kidogo. Ni picha ya mtu alivyo leo, amevalishwa suti ya miaka ishirini mbele. Kulikuwa na msichana aliyeazima kalamu kwa kila mtu na kuahidi kurudisha "Jumatatu". Kamati ilimtabiria ukarani wa benki, ikaishia hapo. Tulipokaa naye pamoja na rafiki zake, ikatoka hivi: "Gavana wa benki kuu ametangaza leo kwamba deni la taifa litalipwa Jumatatu. Hakufafanua ni Jumatatu ipi." Yeye ndiye aliyeongeza ile sentensi ya pili.

Kama kesho ingetabirika, vitabu vya mwaka vingekuwa na rekodi nzuri. Havina. Mwaka 1969 Robin Williams, aliyekuja kuwa mchekeshaji na mwigizaji maarufu, alimaliza shule ya sekondari ya Redwood huko California, na wenzake wakamchagua kuwa mchekeshaji kuliko wote na pia asiyeelekea kufanikiwa. Nusu walipata, nusu walikosa. Mwaka 1935 John F. Kennedy, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, alimaliza shule ya Choate, Connecticut, akiwa wa 64 kati ya wanafunzi 112, na wenzake wakampa kura ya mwenye kuelekea kufanikiwa kuliko wote. Hapo walilenga barabara. Ila Kennedy huyohuyo alikuwa meneja wa biashara wa kitabu cha mwaka, jambo ambalo mimi kama mhariri sipendi kulichimba sana.

Kuna sababu nyingine ya kukosea, na hii imepimwa. Mwaka 2013 wanasaikolojia Jordi Quoidbach, Daniel Gilbert na Timothy Wilson walichapisha katika jarida la Science matokeo waliyoyapata kwa watu zaidi ya 19,000, wa umri wa miaka 18 hadi 68. Watu wa kila umri walikiri kwamba wamebadilika sana katika miaka 10 iliyopita, na wakati huohuo walidhani miaka 10 ijayo itawabadilisha kidogo tu. Kila mtu anajiona ameshafika. Sasa mchukue kijana wa miaka 18, mwambie amtabirie mwenzake wa miaka 18: atamchukua huyuhuyu wa leo, na kalamu zake za kuazima, ampeleke ikulu bila kumbadilisha hata soksi. Kama unabii, ni upuuzi. Kama kichekesho, ni malighafi ya bure.

Kuhusu umbo la utabiri sina mengi. Mpira wa kioo umechoka. Taarifa ya habari ya miaka ishirini ijayo bado inafaa, na safari inafaa zaidi, kwa kuwa inawakutanisha watu: rubani ni yule aliyepotea njia kwenda maabara siku ya kwanza, na abiria aliyelala mlangoni ni yule aliyelala kila mahali. Wafungamanishe. Orodha ya majina arobaini yaliyojitegemea huchosha kufikia jina la kumi na mbili.

Kinachostahili muda ni swali la nani amwandike nani. Norwe, wahitimu wa sekondari, wanaoitwa russ, hugawa vikadi vyenye picha na jina na mstari wa mzaha, na watoto wa jirani huvikusanya. Kikadi hicho mhitimu anajiandalia mwenyewe. Ujerumani, katika gazeti la wahitimu liitwalo Abizeitung, mara nyingi wenzako ndio wanaokuelezea. Njia ya kwanza ni salama lakini watu hujipamba. Ya pili ina utamu wote, na sumu yote.

Sumu hiyo niliwahi kuipitisha mimi mwenyewe. Kulikuwa na kijana mwenye kigugumizi. Kamati ilimtabiria utangazaji wa redio, taarifa yake ya saa mbili usiku ikimalizika kesho yake asubuhi. Kama ufundi, mstari ulikuwa safi: mfupi, wenye picha, uso haukunjuki. Niliupitisha kwa sababu ulinichekesha. Siku ya kuagana ulisomwa kwenye kipaza sauti, ukumbi ukavunjika mbavu, naye akatabasamu kama wote. Baadaye mama yake alinionyesha nakala aliyoletewa nyumbani. Ukurasa ule ulikuwa umekatwa kwa wembe, kwa uangalifu mkubwa, hata usingejua kama hukuhesabu namba za kurasa.

Nilimtafuta nikamwomba radhi. Hakuwa na kisirani. Nikamuuliza, laiti angejiandikia mwenyewe, angeandika nini. Akasema kwamba kwa mwaka mzima, kila Ijumaa, alikuwa akiificha kofia ya kiranja mkuu mahali papya, na hakuna aliyewahi kumshuku.

Nilichoka. Tulikuwa tumekaa na mchekeshaji wa darasa miaka minne, na tulichokiona kwake ni ulimi tu. Mzaha wa Grunnius kwa kiziwi unafanya kazi kwa sababu kiziwi hayupo chumbani. Huyu alikuwa safu ya tatu.

Tangu siku hiyo nina masharti mawili. Mzaha unagusa anachokifanya mtu kwa hiari yake: kuchelewa, kuazima, kujifanya anajua, kuimba bafuni. Haugusi alichopewa bila kuulizwa: mwili, ulimi, ukoo, umaskini wa kwao. Alama za mtihani nimeziweka upande wa pili pia, ingawa tunabishana kila mwaka. Na kila mstari unapelekwa kwa mwenye jina kabla ya kuchapwa, akiwa peke yake, si mbele ya rafiki zake, maana mbele ya rafiki kila mtu husema "sawa tu". Kamati hulalamika kwamba hilo linaua mshangao. Linaua kidogo. Lakini mara tatu kati ya nne mwenye jina hurudi na mstari mkali kuliko wa kamati, kwa sababu yeye ndiye ajuaye kofia ilikuwa wapi.

Jambo moja la mwisho nililojifunza karibuni, na ambalo sikulitoa popote ila kwa wanafunzi wenyewe: wape warithi nafasi ya kujibu. Ukurasa mmoja mwishoni, darasa linalobaki lipokee au lipinge wosia. Hapo ndipo nilipopata jibu la yule wa kiti. Msichana wa darasa la chini aliandika: "Kiti nimekipokea. Nimeikunjua karatasi. Ni mtihani wake wa fizikia. Alama kumi na mbili."

Kwa masharti yangu, mstari huo ulipaswa kufutwa. Nikampigia simu mwenye mtihani, nikamsomea polepole. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema niuache, ila nirekebishe niandike kumi na nne, kwa sababu mwalimu alikosea kujumlisha na yeye hakuwahi kurudi kudai.