Sifa Zinaiendea Taswira, Lawama Zinamwendea Mtoto

Nilimwuliza swali jepesi tu: "Ukiwa huna kazi, unapenda kufanya nini?" Akanyoosha mgongo, akageuza uso kidogo upande wa kushoto, akatabasamu. "Nawashukuru sana mashabiki wangu, wao ndio wananipa nguvu." Chumbani tulikuwa wawili, hakuna kamera. Nikauliza tena. Akanyamaza muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Sijui. Hapo jibu zuri ni lipi?"

Mimi ni mshauri nasaha wa wasanii wenye umri mdogo. (Nimebadilisha mambo kadhaa ya kijana huyu asije akatambulika.) Watu wengi hudhani ustaa wa mapema huharibu kwa pesa, ulevi na kiburi. Hayo yapo, nimeyaona, ila mara nyingi hufuata baadaye. Kinachotangulia ni kwamba mtoto amekatazwa kubadilika katika miaka ambayo kazi yake kubwa ni kubadilika.

Mwanasaikolojia Erik Erikson aliueleza ujana kuwa kipindi cha kujitafuta. Leo kijana anavaa hivi, kesho anaona aibu kuvaa vile. Anajiunga na kundi hili, analikimbia. Anashikilia msimamo Jumatatu, Ijumaa ameshausahau. Vurugu hiyo inamchosha mzazi, lakini ndimo mtu anamojipata. Sasa mpe kijana huyohuyo mkataba: nywele zisiguswe, uzito usiongezeke, mpenzi asionekane, nywila za akaunti zikae kwa meneja. Kila jaribio lake limegeuka hasara ya biashara ya watu wazima.

Si jambo la jana. Judy Garland, mwigizaji na mwimbaji wa Marekani, aliingia studio ya filamu ya MGM mwaka 1935 akiwa na miaka 13, na wakubwa wakambana kwenye chakula ili asinenepe, vidonge navyo vikawa sehemu ya maisha yake. Alifariki mwaka 1969, akiwa na miaka 47, kwa kuzidisha dawa za usingizi bila kukusudia. Mwaka 2013 huko Japani, Minami Minegishi wa kundi la wasichana waimbaji la AKB48 alinyoa kichwa chote, akatokea kwenye video akilia na kuomba radhi. Kosa lake? Jarida lilikuwa limechapisha picha zake akitoka nyumbani kwa mwanamume. Alikuwa na miaka 20. Kila nikiikumbuka video ile najiuliza ni wasichana wangapi wadogo waliitazama wakajifunza kwamba kupenda ni jambo la kuombea msamaha.

Hapa ndipo ninapotaka wazazi wanisikilize. Taswira ikishatengenezwa, mtoto anakuwa wawili. Akisifiwa, moyoni anajua anayesifiwa ni yule wa kwenye picha, aliyechaguliwa nguo na kuandikiwa maneno. Sifa haimfikii. Lakini mtu akimtukana pua, sauti au unene, pua ni yake, mwili ni wake, na tusi linafika lilivyo. Ndiyo maana unamkuta kijana mwenye mashabiki maelfu kwa maelfu, analia usiku kwa sababu ya maoni matatu. Anaambiwa hana shukrani. Ukweli ni kwamba hajapokea kitu cha kushukuru.

Na mtu asiyefikiwa na upendo huongeza juhudi. Anajinyima chakula zaidi, analala kidogo zaidi, anakubali kiki ambayo tumbo lake linaikataa. Kwa nje hiyo inaitwa nidhamu ya kazi.

Sheria zimesaidia kiasi upande wa pesa. Jackie Coogan, aliyeigiza na Charlie Chaplin katika filamu ya mwaka 1921 akiwa mtoto, alipokuwa mtu mzima alikuta sehemu kubwa ya mapato yake imeshatumiwa na mama yake na baba wa kambo. Kesi yake ikazaa sheria ya California ya mwaka 1939, na leo huko asilimia 15 ya mapato ya msanii mtoto lazima iwekwe akiba kwa jina lake. Korea Kusini nayo, mwaka 2009, mwaka uleule ambao wanakundi watatu wa kundi la muziki la TVXQ walikwenda mahakamani kupinga mkataba wa miaka 13, ilitoa mkataba wa mfano wenye kikomo cha miaka 7. Ni hatua nzuri. Lakini akiba ya benki haimlindii mtoto haki ya kukosea bila kutazamwa.

Mameneja hunijibu kwa methali: samaki mkunje angali mbichi. Methali ile inasema juu ya malezi. Mzazi humkunja mtoto ili aje asimame mwenyewe, naye meneja anamkunja alingane na bango.

Kwa hiyo nyumbani mwiteni kwa jina mlilompa, hata kama dunia nzima inamwita la jukwaani. Awe na jambo moja analolifanya vibaya, kwa raha, lisilorekodiwa. Awe na mtu mzima mmoja wa kuongea naye ambaye halipwi kutokana na kazi yake. Mzazi aliyegeuka meneja hawezi kuwa huyo, hata ampende vipi. Kabla ya kutia sahihi, someni vifungu vya mwili, mahusiano na akaunti, si vya malipo tu. Ulizeni nywila zitakaa kwa nani na zitarudishwa lini. Swali hilo likijibiwa kwa kicheko, rudini nyumbani na kalamu yenu.