Ramani ya zamani si ramani ya uongo

Wapo wanaoiona reli ya Mtwara–Nachingwea kwenye ramani ya miaka ya 1950 na kusema mchoraji alidanganya, maana leo ukifika Nachingwea huoni hata taruma. Hapana. Reli ilikuwepo kweli: Waingereza waliijenga kwa ajili ya mpango wao wa kulima karanga, mpango ukafa, nayo ikafungwa miaka ya 1960. Ramani ile ni shahidi, na ushahidi wake una tarehe.

Kosa ni kudhani ramani huonyesha "sasa". Huonyesha wakati wa upimaji, ambao huweza kutangulia mwaka wa uchapaji kwa miaka mingi. Soma maelezo ya pembeni kwanza. Ramani iliyopimwa mwaka 2000 haina Daraja la Mkapa pale Rufiji, wala Daraja la Umoja mtoni Ruvuma, lililofunguliwa 2010.

Mabadiliko yenyewe pia huchoreka: reli iliyokufa kwa mstari wa vipande, ufuo wa jana na wa leo kwa rangi mbili, au ramani mbili za kipimo kimoja zikilazwa sambamba. Mimi hupendelea hizo ramani mbili. Zitandaze barazani mbele ya wazee wa Mikindani, na maswali huanza yenyewe.